Chungwa tunalijua, mti wa chini je?

Mzee wangu si mtu wa simu. Ukiona jina lake linaita saa kumi na mbili asubuhi ujue kuna msiba au ng'ombe wa mtu kaingia shambani. Sasa mwaka juzi, mwezi wa nne, masika imeshakolea, akanipigia akaniambia kitu nisichokitegemea kabisa, "Mwanangu, ule mchungwa wa uwanjani unalia." Nikamuuliza unalia vipi baba, akasema unalia gundi, njoo uone kwa macho yako.

Kutoka Tanga mjini mpaka kwetu Muheza si mbali, daladala alafu bodaboda kwenye matope, na saa nne nilikuwa nimeshapiga magoti chini ya ule mti. Aliupanda mwaka niliozaliwa mimi, ndio maana naujua kama ndugu wa tumbo moja. Karibu na ardhi gome lilikuwa limepasuka, na kwenye mipasuko utomvu umetoka ukaganda matone matone ya rangi ya asali. Mzee akatoa kisu chake akakwangua gome taratibu. Pale chini palitakiwa pawe na weupe wenye unyevu, tukakuta kahawia, kama majani ya chai yaliyolala sufuriani, na harufu ya uchachu ikanijia puani. Akazidi kukwangua kuzunguka shina, kahawia, kahawia, mpaka upande wa mashariki ndio tukapata kipande cha kama viganja viwili kikiwa bado kizima. Na huko juu matawi yamejaa machungwa kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka, ila madogo kama ndimu, na majani yameanza njano kwenye mshipa wa katikati. Mchungwa unaokaribia kufa mara nyingi huzaa namna hiyo. Mzee alikaa kwenye kigoda chake akawa anaufuta mti ile gundi kwa kidole gumba, kama unavyomfuta mtoto.

Toka siku ile nimekuwa mtu wa kusoma na kuuliza habari za michungwa, kila bwana shamba ninayekutana naye namshika, na nilichokiona ndicho kimenikalisha chini leo niandike. Sisi watu wa machungwa tunalijua sana tunda. Tunabishana Msasa na Valencia ipi tamu, Jaffa inauzika wapi, lori la kwenda Mombasa linataka saizi gani. Ila ule mti wa chini, ule unaobeba kila kitu, hatuulizi hata jina lake. Na kule walikofanya utafiti wa hii michungwa zaidi ya miaka 100, nusu ya kazi yao, pengine zaidi, ni huo mti wa chini.

Ngoja nieleze kwa ambaye hajawahi kuingia kitaluni. Mchungwa wa biashara ni miti miwili. Chini kuna mti mmoja ulioota kwa mbegu, huo ndio wenye mizizi, na juu kuna mti mwingine ulioanzia kwenye jicho moja tu, kile kichipukizi kilicholala kwenye kijiti, lililochukuliwa kwa mchungwa mzuri likabandikwa. Kubebesha, ndivyo tunavyosema vitaluni. Kuna mzee mmoja rafiki wa baba amebebesha maisha yake yote, na kumtazama akifanya ni raha. Anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mche uko mbele yake umefikia unene wa penseli, anapiga chale ya herufi T kwenye gome shibiri moja na kitu kutoka ardhini, ananyanyua gome kwa ncha ya kisu kama mtu anafungua bahasha bila kuichana, analichomeka jicho pale ndani, alafu anafunga kwa utepe wa nailoni kutoka chini kwenda juu ili maji ya mvua yasiingie. Sijawahi kuhesabu sekunde lakini hujamaliza kumsalimia ameshahamia mche wa pili. Wiki tatu baadae anafungua, jicho likiwa bado kijani limeshika, likiwa jeusi anarudia upande wa pili.

Sasa pale kwenye ile chale ndipo mambo yote yanapoamuliwa. Mti wa chini ndio unaosema mchungwa utakuwa mkubwa au mfupi, utaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa sita, utavumilia kiangazi au la, utakunywa maji ya chumvi au utakauka, chungwa litakuwa na maji mengi yasiyo na utamu au litakuwa dogo lenye sukari imekaa, na ule ugonjwa wa gundi utaua au utapita. Jicho ni lile lile, tunda ni lile lile kwa jina, lakini mti wa chini ukibadilika umepanda kitu kingine.

Kwetu mti wa chini ni mlimau. Kila kitalu nilichopita mimi Muheza, na nimepita vingi, ni ule mlimau wa kienyeji wenye tunda la ganda lililokunjamana, mnene, mkali. Na wazee wetu hawakuuchagua kwa ujinga. Mbegu zake zinapatikana bure, zinaota kwa kasi, mizizi inaenda chini sana kutafuta maji, kwenye udongo wa kichanga unastahimili jua vizuri, na mchungwa uliobebeshwa juu yake unazaa mapema na unazaa sana. Mtu mwenye watoto wa kusomesha unamwambia nini zaidi ya hapo? Gharama yake ndio hatukuambiwa. Mlimau unalipa tunda maji mengi na sukari kidogo, ganda linakuwa nene, na mbele ya ule ugonjwa wa gundi ni dhaifu, na mti hauishi miaka mingi kama unavyoweza kuishi juu ya mashina mengine.

Ugonjwa wenyewe kitaalamu unaletwa na faitoftora. Watu wanauita fangasi na mimi sibishani nao, ila kiumbe hiki ni jamaa wa karibu zaidi na mwani wa majini kuliko fangasi, na vijimbegu vyake vina mikia vinaogelea. Ndio maana unapenda masika. Udongo ukijaa maji vinaogelea mpaka kwenye mzizi, au tone la mvua linapiga ardhi linarusha matope kwenye gome, basi, vimeshafika. Na mchungwa mtamu wenyewe, yaani ile sehemu ya juu, nao ni dhaifu kwa ugonjwa huu, kwahiyo unapobebesha karibu mno na ardhi, au unapopanda mche ukaifukia ile sehemu ya chale, umeufungulia mlango.

Hapa nilimwangalia mzee, mzee akaniangalia. Uwanja wetu unafagiliwa kila asubuhi toka bibi yupo hai. Na takataka zote, mchanga, majani, zinasogezwa wapi? Kwenye shina la mchungwa, ili mti "upate mbolea". Miaka na miaka. Tulipochimbua kwa mikono chale ya zamani ilikuwa futi nzima chini ya udongo. Kama kuna mtu anasoma hapa ana michungwa nyumbani, tafadhali nenda leo ukatazame shina, lile fundo la kubebeshea lionekane, lipate hewa, udongo usiliguse.

Kuna jambo moja la mbegu ambalo lilinifungua macho kuliko yote. Chukua mbegu ya limau au ya chungwa, iloweke usiku mmoja, asubuhi imenye ganda la nje na lile la ndani la kahawia. Ndani hutakuta kiini kimoja kama cha haragwe. Utakuta viwili, vitatu, wakati mwingine zaidi, vimebanana kama watoto kwenye kitanda kimoja. Ukipanda mbegu moja inaweza kutoa miche mitatu. Na karibu vyote havina baba, vimeota kutoka kwenye nyama ya mama yake, kwahiyo ni mama yule yule kajirudia, nakala kamili. Kimoja tu ndicho huwa kimetokana na chavua, chenye baba na mama, na mara nyingi hiki ndicho mche wake unakuwa wa ajabu, mfupi mno au mrefu mno au majani yake hayafanani na wenzake.

Kwa mtu wa kitalu hii ni baraka, manake unapata mashina elfu yanayofanana kwa mbegu tu. Lakini ile miche ya ajabu lazima uing'oe. Mimi niliwahi kununua miche 120 kwenye kitalu kimoja, miaka mitano kabla ya huu msiba wa mchungwa wa baba, nilikuwa nimeanza kazi na pesa yangu ya kwanza ya maana niliitia pale. Macho yote yalitoka mti mmoja wa Valencia. Mwaka wa nne shamba likaonekana kama meno ya mtoto, huu mrefu, ule umedumaa, mwingine umezaa, wa pembeni yake hauna hata ua. Nikalaumu udongo, nikalaumu mbolea, nikabadilisha mpaka mtu wa kupalilia. Yule rafiki wa baba alipokuja akatembea kwenye mistari akagusa mashina chini ya fundo akaniambia, "Mwanangu, hapa waliokuuzia hawakuchagua. Kila kilichoota walikibebesha." Miti 30 na kitu nimeshaing'oa na roho inaniuma kila nikipita.

Kwa mtu anayetaka kutengeneza aina mpya, baraka ile ile inageuka kuwa ukuta. Unachukua chavua ya mti huu unaitia kwenye ua la ule, unasubiri tunda, unapanda mbegu 500, na karibu zote ni mama kajirudia, hukupata mtoto. Kwahiyo watu wa kutengeneza aina mpya wanatafuta mama ambaye mbegu yake ina kiini kimoja tu, kama furungu au lile chenza la Clementine, au siku hizi wanapima vinasaba vya mche ungali na majani mawili wanajua yupi ana baba. Alafu sasa ndio kusubiri kunaanza. Mchungwa wa mbegu una utoto mrefu, miaka sita, nane, kumi, umejaa miiba mirefu kabla hujaona ua. Ukipata tunda zuri unalibebesha juu ya mashina tofauti, unalipanda kwenye udongo tofauti, unasubiri tena miaka kumi uone nani kafa na nani kabaki. Mtu anaianza kazi hii akiwa kijana, anayeimaliza ni mwanafunzi wake.

Mfano ambao siuchoki ni wa Walter Swingle wa wizara ya kilimo ya Marekani. Majira ya baridi ya 1894 kwenda 1895 jalidi iliua michungwa ya Florida, watu wakafilisika wakahama. Swingle akawaza, kuna mti China una undugu na mchungwa, una majani matatu matatu, unapukutika wakati wa baridi na unaishi kwenye theluji, ila tunda lake ni chungu halilikiki. Akauzalisha na machungwa matamu na mabalungi, lengo lake apate chungwa tamu linalovumilia baridi. Hakulipata. Matunda yalibaki machungu. Miti ile ingeweza kutupwa, lakini ikatunzwa, na miaka mingi baadae watu wakagundua kwamba juu haifai ila chini ni dhahabu, inapambana na faitoftora, inapambana na minyoo ya mizizi, inavumilia baridi. Mashina yanayoitwa Troyer na Carrizo yametoka kwenye chungwa la Washington Navel na huo mti wa majani matatu. Nyingine, ambayo baadae ilipewa jina lake mwenyewe Swingle, ilizalishwa 1907 kwa balungi, na ilitolewa rasmi kwa wakulima mwaka 1974. Hesabu hapo, miaka 67. Swingle alishafariki.

Na hakuna shina la kila mahali. Hayo ya majani matatu na watoto wake yanateseka kwenye udongo wa chokaa, majani yanapauka, kwahiyo ukiwa karibu na bahari kwenye matumbawe usiyakimbilie. Chenza la Cleopatra linavumilia chumvi lakini linachelewa kuzaa na matunda yanakuwa madogo. Kila shina lina tabia zake, ni kama kuoa.

Sasa nifike kwenye kinachonikosesha usingizi, manake habari ya kutegemea shina moja ina historia, na historia yake ni ya vilio.

Pwani sisi tunao mdanzi, danzi lile chungu lenye harufu nzuri. Huko nje mdanzi ndio ulikuwa mfalme wa mashina. Karne ya 19 faitoftora iliua michungwa visiwa vya Azores alafu ikashuka nchi za Mediterania, watu wakaona mdanzi haufi kwa gundi na tunda la juu yake ni tamu, wakahamia huko wote, na Amerika zote mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, zikafuata. Ukafika miaka ya 1930, Argentina na Brazil michungwa ikaanza kunyauka. Mti uko mzima leo, baada ya wiki chache majani yamelegea, mizizi imekauka. Wabrazil wakauita tristeza, yaani huzuni. Ni virusi vinavyosambazwa na vidukari vyeusi, na vikikutana na mchungwa mtamu uliokaa juu ya mdanzi vinaua mishipa ya chakula pale pale kwenye fundo, chakula cha majani hakishuki, mizizi inakufa njaa. Mchungwa peke yake hauumwi sana. Mdanzi peke yake hauumwi. Ni ule muungano wao ndio unaokufa. Mamilioni ya miti iliisha São Paulo, kwenye muda usiofika miaka 20.

Brazil wakasimama tena, wakahamia shina lingine, ndimu ya Rangpur, linalovumilia kiangazi vizuri sana, na karibu nchi nzima ikakaa juu yake. Unaona lilivyojirudia? Kuanzia mwaka 1999 hivi ugonjwa mwingine ukatokea kwenye majimbo ya Minas Gerais na São Paulo, wakauita kifo cha ghafla, na ulichokuwa unaua ni michungwa iliyo juu ya Rangpur. Hivi vidukari vya tristeza na virusi vyenyewe Afrika Mashariki vipo, ndio maana huwezi kumwambia mtu wa Muheza leo akimbie limau aende kwenye mdanzi kisa gundi. Atatoka kwenye shimo moja ataingia lingine.

Na sasa kuna hili la tatu, kubwa kuliko yote. Florida msimu wa 2003/04 walivuna maboksi milioni 242 ya machungwa, boksi moja ni kilo 41 hivi. Mwaka 2005 wakagundua kwenye miti yao bakteria anayeletwa na mdudu mdogo anayefyonza machipukizi, ugonjwa ambao Wachina wanauita huanglongbing. Msimu wa 2022/23 walivuna chini ya maboksi milioni 20. Hakuna dawa inayoponya mti. Sisi tunao ugonjwa wa aina ya Afrika toka zamani, ila ule unapenda baridi ya milimani na joto la pwani linausumbua. Wa Asia haujali joto. Na mdudu wake, yule wa Asia, mwaka 2016 ilichapishwa kwamba ameonekana Tanzania, Morogoro na Zanzibar. Kenya nako yupo, na mwaka 2020 bakteria mwenyewe wa Asia akaripotiwa Kenya. Kutoka kwetu mpaka mpakani Horohoro unaenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Ugumu wake kwetu ni kwamba dalili moja maarufu ni tunda kubaki kijani. Machungwa ya pwani yanaiva yakiwa kijani siku zote, usiku wetu hauna ubaridi wa kulipaka rangi ganda. Kwahiyo mkulima wa Muheza atajuaje? Alikate. Chungwa la mti mgonjwa ukilipasua kuanzia kwenye kikonyo kwenda chini, katikati yake imepinda, upande mmoja umenenepa mwingine umesinyaa, mbegu zimedumaa nyeusi nyeusi, na utamu hamna, kuna uchungu. Jani nalo linakuwa na njano isiyolingana, upande wa kushoto wa mshipa haufanani na wa kulia.

Kinachofanya hatari hii iwe ya wote ni undugu. Chungwa tamu ni mtoto wa zamani wa furungu na chenza, na Valencia, Washington Navel, Jaffa, zote ni chungwa moja lililobadilika kidogo kidogo kwenye matawi, mtu akaona tawi lina tunda tofauti akalibebesha akalipa jina. Ni mapacha waliovaa nguo tofauti. Ugonjwa ukimjua mmoja umewajua wote. Kwahiyo watafiti wa Florida wanatafuta nje ya familia hiyo, wamepata chenza linaloitwa Sugar Belle, mtoto wa Clementine na Minneola, linaugua lakini linaendelea kuzaa. Na kwenye mashina wana US-942, chenza la Sunki limezalishwa na mti wa majani matatu, lilitolewa 2010, na wakulima wanalipanda kwa wingi kwa sababu mti unaokaa juu yake unavumilia vizuri zaidi hata ukiwa mgonjwa. Kuvumilia sio kupona, lakini aliyevuna kidogo sio sawa na aliyeng'oa.

Mimi ninachokitaka hapa kwetu hakihitaji maabara ya ajabu kuanza nacho. Nataka kuona kwenye wilaya moja ya machungwa heka chache zimepandwa Valencia ile ile juu ya mashina nane tofauti, kwenye udongo mwekundu na kwenye wa kichanga, na mtu analipwa kuhesabu na kupima kwa miaka 12 bila mradi kufungwa mwaka wa tatu. Nataka kitalu chenye wavu wa kuzuia wadudu ambapo mama wa macho wanapimwa virusi, manake saa hii tunakata vijiti vya macho kwenye mti wowote unaozaa vizuri na ugonjwa tunausafirisha wenyewe kwenye mfuko wa rambo. Na wale ndugu zangu mnaovuka mpaka na vijiti kwenye begi kwa sababu mmeona chenza zuri kule, nawaomba sana, acheni. Mbegu ina nafuu, na yenyewe ipitie kibali. Kijiti kimoja chenye ugonjwa kinatosha kumaliza tarafa.

Turudi uwanjani kwa mzee. Nilikuwa nimesoma habari za mti mmoja uliopo Riverside, California. Mwaka 1873 mama mmoja anaitwa Eliza Tibbets alitumiwa miche ya chungwa lisilo na mbegu, asili yake Bahia, Brazil, na kutoka kwake ndio Washington Navel ikaenea California yote. Mti mmoja wa mwanzo bado uko hai pale pembeni ya barabara. Faitoftora ilishawahi kuukamata, na mwaka 1918 wakaupandia miche mipya kuzunguka shina wakaiunganisha kwenye gome juu ya kidonda, mti ukapata miguu mipya. Mwaka 1951 wakarudia tena. Brazil nao wakati wa kile kifo cha ghafla walifanya hivyo hivyo mashambani kuokoa miti.

Nikamwonyesha mzee picha kwenye simu. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Kwahiyo huu wa kwetu tunautafutia miguu."

Mbegu za kuotesha miche tulizipata kwa bwana shamba mmoja mstaafu ambaye alikuwa ametunza mti wa Carrizo kutoka majaribio ya zamani. Nikamenya chache nione, viini vitatu vitatu, nikajua miche mingi itafanana na mama yake. Tulifukua shina lote kwanza, tukakwangua gome bovu, tukapaka dawa ya shaba, tukachimba mtaro maji yaende mbali. Miche ilipofikia unene wa kidole kidogo tukaipanda mitatu kulizunguka shina. Rafiki wa baba ndiye aliyefanya upasuaji. Alipiga chale ya T iliyopinduliwa kwenye gome zima juu ya kidonda, akakata kichwa cha mche mshazari kama kabari, akakichomeka kwenda juu chini ya gome, akakigongea na vimisumari viwili vidogo, akapaka nta, akafunga kwa nailoni. Mzee alikuwa ameshika mche kwa mikono yote miwili na hakupumua mpaka kazi ilipoisha.

Mmoja ulikauka, tumeshapanda mwingine pale pale. Miwili imeshika, upande wa mashariki na wa kibla, mwaka huu imekuwa minene kama gumba na mafundo yamefura vizuri. Matawi ya mashariki yametoa majani mapya ya kijani kibichi, ya magharibi tumeyakata. Machungwa yote ya msimu huu tumeyapukuchua yakiwa saizi ya gololi ili mti usijichoshe, na mzee aliyaokota chini akayahesabu kwenye ungo, yalikuwa 412. Ufagio haukaribii tena lile shina, ameweka duara la mawe, na wajukuu wote wanajua mwisho wa kufagia ni wapi.

Wiki ijayo naenda na kisu kingine. Kuna ule wa nyuma ya jiko, mzee anasema nao umeanza kutoa tone moja.